Jinsi ya Kuchelewa Vizuri Ziwani Tanganyika

Mwongozo kwa familia za Mpanda zenye boti kuukuu, au zenye mjomba mwenye boti kuukuu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673, kina chake kinafika mita 1,470, na umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Mbele ya maji ya namna hiyo, mtu anayejisifia kasi ya boti yake anajisumbua bure. Ziwa halikumsubiri, na wala halitajua kama amewahi.

Mwongozo huu ni wa familia iliyoamua kufanya kinyume chake: kupanda boti ya zamani, kuwasha injini inayokohoa, kuteremsha ndoana, na kuhakikisha kwamba haifiki popote mapema. Mtaulizwa mnakwenda wapi. Jibuni bila aibu: tunatembea. Sisi wa Katavi tumelizoea ziwa kama njia ya mizigo. Dagaa wanapanda kuja Mpanda, saruji na unga vinashuka kwenda mwaloni, na anayekwenda Karema lazima awe na shughuli. Ni wachache waliowahi kukaa juu ya maji yale nusu siku nzima na watoto wao bila jambo la kuuza wala kununua. Upungufu huo unatibika, na dawa yake ni boti kuukuu, kwa sababu boti kuukuu humlazimisha nahodha kusikiliza. Ataisikiliza injini, atausikiliza upepo, atazisikiliza mbao, na akishazoea kusikiliza atawasikiliza hata mke wake na watoto wake. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Chagueni maji yenye nafasi ya kuchelewa

Mkoa wetu una maji ya aina nyingi, na si yote yanafaa. Ziwa Katavi na Ziwa Chada yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi na ni maji ya msimu. Masika hujaa, kiangazi hukauka yakabaki matope, na kwenye matope hayo viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, wakigombea nafasi. Hapo watazameni kutoka kwenye gari, pamoja na mhifadhi. Ziwa Rukwa, upande wa Mpimbwe, lina kina kifupi na halina mto unaolitoa maji, hivyo ufukwe wake husogea na kurudi mwaka hadi mwaka.

Linalobaki ni Tanganyika, nako kwetu milango ni Karema na Ikola. Kutoka Mpanda ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Ondokeni siku moja kabla. Anayeteremka garini na kuingia botini papo hapo anaingia na haraka zake za barabarani, nazo hazikawii kumfanya asahau jambo la maana.

Hatua ya 2: Kagueni boti kwa kisu, si kwa macho

Rangi mpya hudanganya. Boti iliyopakwa buluu ya kung'aa na kuandikwa maneno ya kumshukuru Mungu ubavuni inaweza kuwa imeoza chini. Chukua kisu kidogo, piga magoti, na uchomeke ncha yake kwenye mbao karibu na mkuku, kwenye mataruma, na pale injini inapokaa. Ncha ikigoma, mbao nzima. Ikizama kama kwenye boga, mshukuru mwenye boti kwa ukarimu wake na uende zako.

Kisha tazama mishono. Boti nzuri ya mbao inavuja kidogo. Hiyo ni tabia yake na isiwatishe. Kinachotakiwa ni kujua inavuja wapi na kiasi gani. Mkipata nafasi ya kumwona fundi akikalafati, waketisheni watoto watazame mpaka mwisho. Boti inalazwa ubavu mchangani. Fundi anakwangua mshono kwa patasi hadi pamba ya zamani itoke nyeusi na imelowa. Anasokota pamba mpya kiganjani ikawa uzi mnene, anaipaka mafuta, anailaza juu ya ufa na kuishindilia kwa patasi butu na nyundo. Mwanzoni nyundo inalia nzito, kwa kuwa pamba bado inazama. Fundi haangalii sana, anasikiliza. Sauti ikibadilika ikawa kavu na kali, anajua mshono umeshiba, anasogea shubiri moja mbele na kuanza tena. Boti ya mita 8 inaweza kumla siku nzima. Mkimharakisha mtalipa baadaye, nanyi mtalipia katikati ya maji.

Ikishashushwa ziwani, iachwe imefungwa siku mbili hivi kabla ya safari, mbao zinywe maji zivimbe na kubana mishono. Familia ikiona siku hizo mbili ni nyingi, bado haijawa tayari kwa ziwa.

Hatua ya 3: Pakeni grisi

Hatua hii ndiyo ndefu kwa mwenye boti na fupi kwa msomaji, kwa kuwa historia imekwisha kuithibitisha. Meli tunayoijua kwa jina la MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa ndani ya masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaelemea Wajerumani, tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka kwanza mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji, wakaikuta mitambo bado ina uhai, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba watu na mizigo. Miaka ya 1970 ikaondolewa mvuke ikafungwa dizeli. Vizazi vya watu wa Ikola na Karema vimesafiri ndani ya meli iliyowahi kulala chini ya ziwa.

Kama grisi iliweza kulinda mitambo iliyozamishwa, mnajua wenyewe itawafanyia nini ninyi mnaokusudia kuelea. Pakeni shafti, pakeni nyaya za usukani, pakeni kila kinachozunguka na kinacholia.

Dizeli iacheni itulie usiku kucha ndani ya dumu, kisha muimimine polepole kupitia kitambaa safi, mkiacha vidole vitatu vya chini kabisa, maana ndiko maji na uchafu hulala. Kwa injini ya kupachika, bebeni plagi za akiba, pini za akiba za pangaboi, spana yake na kamba ya kuvutia. Mafuta yagaweni mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiloguswa. Fungu la tatu si la kumwazima rafiki mliyekutana naye majini akitaka kufika Kabwe.

Hatua ya 4: Malizeni karatasi mapema

Kuchelewa vizuri hakuanzi na ugomvi mwaloni. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na boti inayobeba familia yako inastahili kukaguliwa sawa na inayobeba abiria wa nauli. Ombeni ukaguzi, msiukimbie. Mkaguzi anayekukuta na ufa anakufanyia hisani.

Kuvua nako kuna leseni yake, hata kama mnavua kwa kujifurahisha. Kamuone ofisa uvuvi wa halmashauri, na mkifika mwaloni wasalimieni viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia rasilimali za uvuvi pale. Swali la kwanza kuwauliza ni kama ziwa limefunguliwa. Nchi nne zinazolimiliki, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kuna watu walionung'unika, na njaa ya mvuvi aliyekosa kazi miezi mitatu si jambo la kupuuzwa. Ila sisi tunaovua kwa starehe hatuna cha kunung'unikia. Ziwa likiwa limefungwa, ndoana zibaki nyumbani.

Mapumziko hayo yanaangukia majira ya kusi, upepo unaovuma mfululizo kati ya Mei na Septemba na kuinua mawimbi yanayoichosha boti ndogo. Kwa hiyo sheria na upepo vinasema neno moja. Masika nayo, kuanzia Novemba hadi Aprili, huleta radi na dhoruba za ghafla. Mwenye boti kuukuu na watoto aweke moyo wake kwenye mwisho wa Septemba na Oktoba, kusi ikishapungua na mvua hazijapamba moto.

Hatua ya 5: Pakieni pungufu

Hesabuni majaketi ya kuokolea kwanza, ndipo mhesabu watu. Watu wakizidi majaketi, watu wanabaki. Jaketi la mtoto liwe la mtoto, lenye mkanda unaopita kati ya miguu, kwa kuwa mtoto aliyevaa la mtu mzima huchomoka, nalo likabaki likielea peke yake. Yavaliwe kuanzia ufukweni hadi ufukweni. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ziwa Victoria. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliofariki walizidi 220. Nchi kavu ilikuwa inaonekana. Kila mara jamaa wa ziada anaposema “mimi nitakaa tu pembeni, sitasumbua”, kumbukeni Ukara na mmwambie kwa upendo kwamba safari ijayo nafasi ya kwanza ni yake.

Baada ya watu, mizigo: makasia mawili hata kama injini ni nzima, tochi, filimbi, maji ya kunywa, dawa za kwanza, turubai la kivuli, nguo za baridi za watoto, na kamba ndefu ya nanga. Nanga ya Tanganyika ina masharti yake. Milima inaingia majini kwa mteremko mkali, na sehemu nyingi hatua chache tu kutoka ufukweni kina kinakimbia. Tieni nanga karibu, kwenye mchanga, huku mkiwa na kamba ya kutosha kuilaza chini. Mkiwa mbali, nanga haitagusa kitu, na makasia ndiyo yatakayowasaidia.

Hatua ya 6: Gawaneni vyeo

Boti isiyo na vyeo hujaa wakubwa. Nahodha awe mmoja, na awe yule anayelijua ziwa, si anayelipa mafuta. Shemeji aliyewahi kuendesha lori kwenda Tunduma ni mtu wa heshima barabarani. Majini apewe kazi nyingine.

Mtoto mkubwa awe msimamizi wa ngama. Mkabidhini kata iliyokatwa kutoka kwenye dumu, na kila nusu saa apime maji yaliyoingia kwa shubiri yake na kutoa taarifa kwa sauti. Maji yakizidi kiasi cha kawaida, yeye ndiye wa kwanza kujua, na mtoto aliyepewa dhamana ya kweli hachezi nayo. Mtoto wa pili aangalie uzi wa maji yanayoruka nyuma ya injini, ambayo ndiyo yanayoipoza. Uzi ukikatika apige filimbi na injini izimwe palepale, kabla haijaungua. Mara nyingi ni jani au kipande cha nailoni kilichoziba tundu.

Bibi apewe cheo cha juu kuliko vyote, cha kusimamisha safari. Akisema turudi, tunarudi, na hakuna kikao.

“Bibi, wingu lile unalionaje?”

“Silipendi, mjukuu wangu.”

“Kwa hiyo tugeuze?”

“Unaniuliza nini, na usukani unao wewe?”

Mazungumzo yaishie hapo na boti igeuke. Mtu aliyeishi miaka mingi akitazama mvua za Katavi zikijikusanya ana maarifa ambayo simu haina, na hata akikosea, kukosea kwa kurudi mapema hakujawahi kumzamisha mtu.

Hatua ya 7: Ulizeni hali ya ziwa kwa adabu

Alfajiri, kabla ya kusukuma boti, tafuteni mvuvi mzee anayerudi kutoka kazini. Msimrukie na swali. Anza na shikamoo, kisha habari za usiku, kisha habari za nyumbani, kisha kazi ilikuwaje. Swali la upepo liwe la mwisho. Likifika hapo, ataligeukia ziwa, atatazama milima ya Kongo kama inaonekana au imejificha, atatazama mawingu ya kusini, ndipo atajibu. Jibu lake litakuwa fupi. Lisikilizeni hasa akisita.

Muonyeshe pia mnakopanga kwenda na mwambie mtarudi saa ngapi, ili awepo mtu nchi kavu anayejua. Msitoke mbali na macho ya ufukwe. Katikati ya ziwa ni mpaka wa nchi, na wavuvi wamewahi kuporwa injini zao huko na watu wenye silaha. Raha yote mnayoitafuta iko karibu na pwani: miamba, vighuba vya mchanga, mashamba yanayoteremka hadi majini, ndege wanaopiga mbizi. Anayetamani kusogea kaskazini kuelekea Sibwesa na milima ya Mahale ajue kwamba mipaka ya hifadhi ya Mahale inaingia hadi majini, na humo hakuvuliwi.

Hatua ya 8: Vueni kwa mwendo wa mtu anayetembea

Hapa boti yenu kuukuu inakuwa bora kuliko zote. Mgebuka ni samaki mwembamba mwenye mbio, naye anaishi kwa kuwinda dagaa. Kumpata mchana, kokoteni mshipi nyuma ya boti, wenye ndoana iliyofungwa kipande cha bati kinachong'aa au manyoya meupe, injini ikiwa chini kabisa. Mkienda kasi chambo kinaruka juu ya maji na hakifanani na dagaa yeyote. Mkienda kwa mwendo wa bibi anayetoka sokoni, kinayumba kushoto na kulia, na mgebuka anakiamini. Injini za kisasa hupata tabu kwenda taratibu kiasi hicho. Yenu haijui mwendo mwingine.

Msijisumbue kuteremsha mshipi kwenye kina kirefu. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki hadi chini, na chini ya mita 100 hadi 200 hivi hewa ya oksijeni inakwisha. Kuna zaidi ya kilomita moja ya maji huko chini ambamo samaki hawezi kuishi. Riziki yote ya ziwa iko kwenye tabaka la juu, na ndiyo sababu inahitaji kutunzwa: ukubwa tunaouona unazidi sana ukubwa unaolisha.

Karibu na ufukwe mtakutana na kuhe, samaki mkubwa kuliko wote wa jamii ya sato na ndugu zake duniani, anayeweza kupita sentimita 80. Kuhe hutaga kwenye maji ya kina kifupi, kisha baba na mama hukaa wote wawili wakilinda maelfu ya watoto wao, wakiwafukuza wanaowavizia. Watafiti wanaamini kwamba hufanya hivyo mara moja tu maishani. Mkiona jozi imesimama palepale juu ya mchanga na wingu la vitoto chini yake, inueni ndoana zenu na muwasogeze watoto waone kupitia maji yale maangavu. Kuhe wa kula mtampata kwingine. Familia haivunji familia.

Dagaa waachieni wenye kazi yao. Wao huvua usiku wa giza, taa zikiwavuta dagaa juu kuelekea kwenye wavu, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mwezi hushindana na taa. Msiende usiku na watoto. Kaeni ufukweni mtazame taa zikijipanga hadi upeo wa macho, kisha mlale, kwa sababu alfajiri mtahitaji kuamka kumsalimia yule mzee.

Hatua ya 9: Pikeni nchi kavu, na msidanganye

Boti ya mbao yenye mafuta haina jiko. Tafuteni ghuba ya mchanga iliyo mbali na matete na midomo ya mito. Midomo ya mito ni ya mamba na viboko. Kwenye matete na maji yaliyotulia hukaa konokono wa kichocho, na mtoto aliyeruhusiwa kuoga humo apelekwe kupimwa baadaye hata kama hajambo.

Mgebuka hahitaji mapishi ya kujionyesha. Mpasue, mtie chumvi na ndimu, mwache apumzike wakati moto unashuka, kisha mbanike juu ya makaa, ngozi chini kwanza, hadi mafuta yake yaanze kudondoka na kulia motoni. Hapo mgeuze mara moja tu. Ugali uwe tayari kabla yake, maana mgebuka wa moto hasubiri.

Mkikosa kabisa, na kuna siku mtakosa, nunueni mwaloni. Chagueni dagaa waliokaushwa juu ya kichanja. Waliokaushwa chini mtawatafuna na mchanga. Msibishane na mama anayewauza hadi mumkondeshe, kwa kuwa usiku ule uliokuwa wa taa nzuri kwenu ulikuwa kazi kwa nyumba yake. Na mkifika Mpanda mkiulizwa, semeni mmenunua. Sifa ya samaki wa uongo haidumu, hasa mkiwa mmesafiri na watoto.

Hatua ya 10: Simulieni mnapopita

Mwendo wa polepole unatoa nafasi ya kusema, na ufukwe huu una ya kusemwa. Waonyesheni watoto Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji chini ya Kapteni Cambier walianzisha kituo pale, wakajenga ngome karibu na maji. Haikupita miaka mingi, ziwa likarudi nyuma na kuiacha, kwa sababu mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, ulikuwa umefunguka upande wa Kongo na kiwango kikashuka. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza nyumba na gati kwenye nchi zinazolizunguka. Mtoto anayelijua hilo hatajenga kibanda chake kwenye mstari wa maji ya mwaka huu.

Mwaka 1885 ngome ilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, na mwaka 1889 akafika Adrien Atiman. Huyu alitekwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, na akaja kuwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja! Tukizungumza habari za kutokuwa na haraka, mwalimu wetu ni yeye. Hakuwa na kasi yoyote, na hakuna aliyekuja na kuondoka mbio anayekumbukwa kwa mapenzi kama yake.

Ng'ambo, upande wa Kalemie, ndiko Waingereza walikoshusha majini boti mbili za injini, Mimi na Toutou, walizozivusha nchi kavu kupitia misitu na milima ya Kongo mwaka 1915. Tarehe 26 Desemba mwaka huo ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Boti zile zilikuwa mpya, nyepesi na zenye mbio, na zilikuja kuua. Waambieni watoto kwamba kwenye maji yaleyale, wajukuu wa wapagazi waliobebeshwa vita vya wengine sasa wanavua samaki wa chakula cha mchana. Huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote uliopatikana ziwani hapa.

Hatua ya 11: Chelewa kufika, usichelewe kurudi

Hatua zote kumi zilizotangulia zinaishia hapa. Kuchelewa kunakosifiwa na mwongozo huu ni kwa kwenda: mkisimama kutazama kuhe, mkizima injini kwa sababu mtoto kapiga filimbi, mkiahirisha siku nzima kwa sababu mzee wa mwaloni alisita. Kurudi ni kitu kingine. Mmesema saa saba mchana, basi saa saba mchana boti iwe imegusa mchanga, hata kama migebuka imeanza kula saa sita na nusu. Anayewasubiri nchi kavu hana namna ya kujua kama mmenogewa au mmezama, na kumtesa kwa ajili ya samaki mmoja zaidi ni ukatili.

Watoto wakishaijua tofauti hiyo, wameupata unahodha kabla hawajashika usukani. Wataibeba hadi barabarani, kazini na kwenye ndoa zao. Watajua pa kutulia na pa kutimiza ahadi, na hawatavichanganya.

Baada ya hapo vuteni boti juu, itoeni maji yote, isafisheni, na mwambieni fundi aje kuangalia ule mshono uliosumbua. Fanyeni siku hiyohiyo, wakati kila mtu bado anakumbuka ulipo. Kisha pangeni tarehe nyingine, na anayepita Mpanda mjini kesho anunue kopo la grisi.